Vitabu vipya vya watoto na vijana: orodha ipi uiamini, na kitabu kipi umpe nani

Swali: “Shikamoo mwalimu. Mimi ni baba wa watoto wawili, binti wa miaka 7 na kijana wa miaka 13. Wote wanasoma Kiswahili, na Kiingereza wanakielewa ingawa si cha nyumbani. Kila mwanzo wa mwaka naona orodha za vitabu vipya bora vya watoto na vijana, nyingine ndefu ajabu. Safari iliyopita nilinunua viwili vyenye medali kwenye jalada. Binti alikipenda chake, ila mkubwa hakufika ukurasa wa kumi. Yeye anataka katuni tu. Je, orodha hizi ni za kuaminika? Nichague vipi? Na hizo katuni, nimwache aendelee nazo?”

Marahaba, ndugu yangu. Medali uliyoiona jaladani haikukudanganya. Tatizo ni kwamba ilijibu swali ambalo wewe hukuliuliza. Mzazi akiona orodha ya vitabu bora huisoma kama ushauri: mpe mwanao hiki. Waliotunga orodha hawakumaanisha hivyo. Kila tuzo iliundwa ijibu jambo moja, tena mara nyingi jambo jembamba kuliko tunavyodhani, na ukishajua jambo hilo ni lipi utaona orodha hizi zinaaminika vizuri tu, kila moja ndani ya mipaka yake.

Tuanze na Newbery, kwa kuwa ndiyo medali yenye jina kubwa kuliko zote na ninashuku ndiyo iliyokuponza. Hutolewa na tawi la huduma za watoto la Chama cha Maktaba cha Marekani tangu 1922, na imepewa jina la John Newbery, muuza vitabu wa London wa karne ya 18. Kamati ya watu 15 husoma mwaka mzima, kisha huchagua kitabu kimoja chenye mchango mkubwa zaidi katika fasihi ya watoto wa hadi miaka 14. Mwandishi lazima awe raia au mkazi wa Marekani. Halafu kuna kipengele ambacho wazazi wengi hawajawahi kukisikia: kanuni zinasema wazi kwamba medali haitolewi kwa sababu kitabu kinapendwa na wengi, wala kwa sababu kina mafunzo mema. Wanaangalia lugha, wahusika, mandhari, muundo, jinsi wazo lilivyojengwa. Hakuna kwenye kile chumba aliyepewa kazi ya kuuliza kama kijana wa miaka 13 asiyependa kusoma ataufikia ukurasa wa kumi. Hilo ni swali lako wewe, na lina orodha nyingine.

Caldecott, iliyoanza 1938, ni ya michoro. Mwenye medali ni mchoraji, hata kama maneno yameandikwa na mtu mwingine. Kwa hiyo ukiona medali hiyo jaladani usitarajie hadithi tamu kuliko zote za mwaka. Tarajia picha zilizofanya kazi ambayo maneno peke yake yasingeiweza. Nitarudi hapo nikifika kwa binti yako.

Kwa mtoto wa miaka 7 anayeanza kusoma mwenyewe, tuzo ya kufuatilia ni Geisel. Haina umaarufu, na mimi naona ndiyo yenye faida kubwa zaidi kwa wazazi. Ilianza kutolewa 2006, na inaheshimu vitabu vya wanaoanza kusoma, tangu awali hadi kama darasa la pili. Wanaoihukumu wanapima mambo ambayo mtu mzima huyapita bila kuyaona: sentensi fupi, neno jipya linaloletwa kisha kurudiwa, maandishi makubwa yenye nafasi, picha inayomsaidia mtoto kubahatisha neno asilolijua, na juu ya yote hadithi inayomfanya afungue ukurasa unaofuata. Kuandika kitabu cha maneno machache kikawa na kichekesho na mwisho wa kueleweka ni kazi ngumu. Vingi vinavyouzwa kama “hatua ya kwanza ya kusoma” vinachosha hata anayevisomea watoto.

Kwa vijana wa miaka 12 hadi 18 kuna Printz, iliyoanza 2000. Nayo inaangalia ubora wa uandishi, si umaarufu, na baadhi ya washindi wake ni wa kijana wa 17 zaidi kuliko wa 13. Usimnunulie wako kitabu cha Printz kabla ya kukipitia. Tuzo za Alex zinakwenda mbali kidogo: ni vitabu kumi kila mwaka vilivyoandikwa kwa ajili ya watu wazima lakini vinavyowafaa vijana. Ziweke akilini kwa miaka mitatu ijayo.

Uingereza wana Carnegie, inayohukumiwa na wakutubi na iliyoanzishwa 1936, pamoja na dada yake ya michoro. Carnegie ina kitu ninachokipenda sana. Wakati majaji wakisoma orodha fupi, vikundi vya wanafunzi navyo huisoma orodha hiyohiyo, na tangu 2019 wanatoa tuzo yao wenyewe. Mara kwa mara chaguo la vijana na chaguo la majaji hayalingani. Ukikuta kitabu kimeingia orodha fupi ya wakutubi na pia kimechaguliwa na wasomaji vijana, hapo umepata kitu cha kukipa uzito, kwa sababu pande mbili zenye vipimo tofauti zimekubaliana.

Ile ya Hans Christian Andersen huwachanganya wengi. Hutolewa kila baada ya miaka miwili na IBBY, bodi ya kimataifa ya vitabu vya vijana iliyoanzishwa na Jella Lepman mwaka 1953 mjini Zürich, na humpa mwandishi mmoja na mchoraji mmoja heshima kwa kazi ya maisha yao yote. Mwaka 2024 waliipata Heinz Janisch wa Austria na Sydney Smith wa Kanada. Hiyo si orodha ya vitabu vipya hata kidogo. Faida yake kwako ni kwamba inakupa majina ya watu ambao kitabu chao chochote, cha zamani au cha jana, unaweza kukifungua kwa imani.

Neno moja kuhusu “vipya”. Medali ya 2025 ni ya kitabu kilichotoka 2024, kwa hiyo kinachotangazwa Januari tayari kina miezi kadhaa sokoni na wakati mwingine karibu mwaka. Tofauti na hapo kuna vitabu vyenye jalada jipya tu: riwaya ya zamani iliyotengenezewa filamu ikabandikwa picha ya mwigizaji, au hadithi ileile iliyochapwa upya kwa kuwa mwandishi ametimiza miaka fulani. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye herufi ndogo unaorukwa na kila mtu, utaona mwaka kilipotoka kwa mara ya kwanza. Si vibaya kununua cha zamani. Vibaya ni kulipia upya usiokuwepo. Na hiyo miezi kadhaa usiihofu: kitabu cha mtoto kikivuka miaka miwili bado kinaazimwa maktabani, hicho kimepita mtihani mkubwa kuliko kamati yoyote. Mimi huwashauri wazazi wanunue washindi wa miaka mitatu au minne iliyopita, wa mwaka huu waazime.

Sasa kijana wako na katuni zake.

Mwache. Tena ukiweza mwongezee. Nasema hivi bila kusitasita, maana bado kuna wazazi na walimu wanaodhani riwaya ya katuni ni kitabu kilichopunguzwa. Anayesoma katuni nzuri anafanya kazi mbili kwa pamoja: anasoma maneno, na anasoma kile ambacho picha inakikanusha au kukiongezea. Mhusika anasema “niko sawa” huku mabega yameshuka na amechorwa mdogo kwenye kona ya fremu. Msomaji lazima aamue amwamini nani. Hiyo ndiyo stadi hasa tunayowaomba wanafunzi waioneshe wanapochambua riwaya.

Kamati ya Newbery yenyewe ilichukua karibu miaka mia kukubali. Mwaka 2020 medali ilikwenda kwa New Kid ya Jerry Craft, riwaya ya katuni ya kwanza kuipata tangu tuzo ianze. Mhusika ni Jordan Banks, mvulana anayependa kuchora na aliyetamani shule ya sanaa, lakini wazazi wake wanampeleka shule ya binafsi yenye sifa kubwa ambako wanafunzi weusi kama yeye ni wa kuhesabu. Angalia anachokifanya Craft. Hadithi kuu imechorwa kwa rangi, kisha hapa na pale inaingia kurasa za daftari la Jordan mwenyewe, nyeusi na nyeupe, michoro ya mtoto anayetafakari aliyoyaona mchana. Mwalimu anayewachanganya majina wanafunzi weusi hatolewi hotuba na mtu yeyote. Tunamwona anakosea, tunaona uso wa anayeitwa kwa jina la mwenzake, kisha tunaona jinsi Jordan anavyolichora jambo hilo usiku. Kijana wa miaka 13 anacheka, na akishacheka anabaki na kitu. Kimefuatiwa na vingine vya mwandishi huyohuyo kuhusu watoto walewale, na kwa msomaji mgumu hilo ni la thamani: akimaliza kimoja, swali la “sasa nisome nini” limeshajibiwa.

Akitoka hapo, usimrushie riwaya ya kurasa mia nne. Kuna mlango mwingine, nao kwa sisi tuliozaliwa kwenye tenzi haupaswi kuwa mgeni hata kidogo, ingawa huko ng’ambo umesifiwa kama uvumbuzi: hadithi ndefu iliyosimuliwa kwa mashairi. The Crossover ya Kwame Alexander, iliyopata Newbery 2015, ni kisa cha Josh Bell na pacha wake, wachezaji wa mpira wa kikapu, na baba yao aliyewahi kuwa mchezaji mwenye jina. Uwanjani maneno hayakai kwenye mistari. Yanateleza, yanashuka ukurasa ngazi kwa ngazi, yanakuwa makubwa ghafla Josh anapompita mtu. Ukurasa una nafasi nyeupe nyingi kuliko wino. Kwa msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, nafasi hiyo ina maana kubwa: kurasa zinakwenda haraka, anaona anasonga mbele, na kila shairi ni kituo anachoweza kupumzika bila kupoteza uzi. Kipo pia katika umbo la katuni, kama unataka kumvusha taratibu. Nikuonye tu kwamba nusu ya pili inaugua pamoja na baba yao. Ukijua mtoto wako yuko kwenye huzuni ya aina hiyo, msome pamoja au msubiri.

Ya pili katika umbo hilo la mashairi ni The Poet X ya Elizabeth Acevedo, iliyotoka 2018 ikachukua Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani upande wa vijana, na mwaka uliofuata ikachukua Printz na Carnegie zote mbili. Ni kitabu kikubwa kweli. Lakini ni cha msichana wa miaka 15 anayegombana na mama yake juu ya dini, mwili na mapenzi. Kijana wako wa 13 ataelewa kila neno na bado kitabu kitakuwa si chake mpaka baada ya mwaka mmoja au miwili.

Nimetaja hilo makusudi kwa sababu namba za umri nyuma ya jalada zinapotosha hapa. Ugumu wa lugha na uzito wa mambo ni vitu viwili. Kuna vitabu vyenye lugha rahisi vinavyobeba mambo mazito, na kuna vitabu vyenye mambo mepesi ya kitoto vilivyoandikwa kwa Kiingereza cha kumtoa mtu jasho. Namba ya mchapishaji kwa kawaida inajaribu kujumlisha yote mawili, tena kwa mtoto anayesoma lugha ya mama. Wewe una mtoto wa miaka 13 katika mambo, pengine wa 10 au 11 katika Kiingereza. Anahitaji kitabu cha wakubwa kwa mambo na cha wadogo kwa sentensi. Ndiyo maana katuni na riwaya za kishairi zinamfaa kuliko nyingine, na ndiyo maana kile chenye medali alikiacha. Hakikuwa kibaya, na yeye si mvivu.

Ukitaka riwaya ya nathari kabisa, ningemjaribu na The First State of Being ya Erin Entrada Kelly, Newbery ya 2025. Ni mwaka 1999, na Michael mwenye miaka 12 anaogopa kwamba kompyuta zote zitakwama saa sita usiku mwaka 2000 ukiingia, hofu ambayo sisi wakubwa tunaikumbuka vizuri na watoto wetu hawaamini kwamba ilikuwepo. Anatokea kijana wa ajabu anayedai ametoka miaka mia mbili mbele. Sura ni fupi, siri ni nzuri, na kuna kitu cha kuzungumza mezani, maana baba atakuwa na la kusimulia. Freewater ya Amina Luqman-Dawson, iliyochukua Newbery na tuzo ya Coretta Scott King ya mwandishi (tuzo ya waandishi weusi wa Marekani) mwaka 2023, ni nzito zaidi: watoto waliotoroka utumwani wanakuta jamii ya watu huru iliyojificha ndani ya kinamasi, jambo lenye msingi katika historia ya kusini mwa Marekani. Wasimulizi ni wengi na wanapokezana, hivyo mwanzoni kinataka uvumilivu. Msomee wewe sura tatu za kwanza kwa sauti, ndiyo, hata kama ana miaka 13, kisha mwachie.

Kuna jambo hukuliuliza, nalo nalisikia kwa wazazi wengi: je, vitabu hivi vya orodha vina mambo ya kuwaharibu watoto? Vingine vina mambo ambayo familia yako inaweza kutokubaliana nayo, na huo ni uamuzi wako. Ila usiufanye kwa kusikia. New Kid hiyo niliyokusifia iliondolewa kwa muda mwaka 2021 kwenye shule za wilaya moja ya Texas baada ya mzazi kulalamika, ikapitiwa, ikarudishwa. Kuna watu waliokuwa na msimamo mkali juu yake bila kufika katikati. Riwaya ya katuni unaisoma jioni moja.

Tuje kwa binti. Kwake una uhuru zaidi kwa sababu anahitaji aina mbili za vitabu kwa wakati mmoja, na wazazi huchanganya. Kuna vya kusoma mwenyewe, na hapo ndipo orodha ya Geisel inapoingia. Na kuna vya kusomewa, ambavyo vinaweza kuwa juu ya uwezo wake kwa ngazi mbili au tatu, kwa kuwa sikio la mtoto wa miaka 7 linaelewa mengi kuliko jicho lake. Kile kipimo cha vidole vitano, cha mtoto kusoma ukurasa mmoja na kukunja kidole kila akikwama neno, akimaliza mkono kitabu ni kigumu, ni kizuri kwa aina ya kwanza. Kwa ya pili kiache. Ukikitumia huko utamnyima hadithi bora za umri wake.

Vitabu vya picha ndivyo vinavyodharauliwa kuliko vyote kwa sababu ni vyembamba. Vingi vina kurasa 32, idadi inayotokana na jinsi karatasi kubwa ya kiwandani inavyokunjwa na kukatwa, na mwandishi mzuri hutumia kila kugeuzwa kwa ukurasa kama pumzi ya hadithi. Hebu chukua Big ya Vashti Harrison, Caldecott ya 2024. Harrison ni mwanamke mweusi wa kwanza kupata medali hiyo. Msichana mdogo anasifiwa tangu uchanga kwa kuwa mkubwa, mpaka siku moja neno lilelile linageuka kuwa tusi. Kuanzia hapo mchoraji anafanya jambo ambalo mwandishi wa nathari hawezi: anamkuza mtoto ndani ya ukurasa mpaka hana pa kukaa. Kichwa kinagusa ukingo wa juu, magoti yanamfika kidevuni, kila fremu inamkaba. Kisha anasukuma, na kurasa zenyewe zinakunjuka nje kupisha mwili wake. Maneno aliyotupiwa anayapanga, yake anabaki nayo, yasiyo yake anawarudishia wenyewe. Mtoto wa miaka 7 haelezwi chochote, na anaelewa kila kitu. Hiyo ndiyo Caldecott kwa maana yake.

Watercress, maneno ya Andrea Wang na michoro ya Jason Chin, Caldecott ya 2022, ni ya sauti ya chini zaidi. Familia ya wahamiaji kutoka China inasimamisha gari kando ya barabara kuchuma mboga mtaroni, na binti anaona aibu asije akaonekana. Kuna ukurasa mmoja wa kufungua na kutulia nao: upande huu mabua ya mahindi ya Marekani, na macho yakisogea upande wa pili yamekuwa mianzi ya China ya utotoni kwa mama. Hakuna mstari wa mpaka. Mama anasimulia njaa aliyoipitia, na kilichompata mdogo wake picha inakionesha kwa kutomweka tena pale alipokuwa. Soma naye kwa mara ya kwanza, usimwachie peke yake.

Hivyo viwili vinanipa jibu la lile swali la “nichague vipi” nikisimama mbele ya kitabu kipya ambacho hakijapata tuzo yoyote. Cha picha nakisoma chote papo hapo, dakika tano zinatosha, mara moja nikitazama picha bila maneno. Ikiwa picha inarudia tu kilichoandikwa, mvulana anapanda mti na hapo amechorwa mvulana anapanda mti, nakirudisha. Kisha nasoma kurasa mbili kwa sauti ya chini. Sentensi inayoukwaza ulimi wangu itaukwaza ulimi wa mzazi kila usiku, na kitabu hicho kitaishia chini ya kitanda. Riwaya naifungua katikati, si mwanzoni. Ukurasa wa kwanza umefanyiwa kazi na kila mtu, mwandishi, mhariri na wakala wake. Ukurasa wa 90 ndio unaokuonesha mwandishi akiwa peke yake. Nikikuta watu wazima wanamhutubia mtoto aya nzima, naacha. Na vile vitabu vya watu mashuhuri, waimbaji na wachezaji, navipa mtihani uleule bila huruma. Viwili vitatu hupita.

Kuna wazo moja la Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa Marekani wa fasihi ya watoto, aliloliandika mwaka 1990 na ambalo bado linaongoza kamati nyingi: kitabu kinaweza kumwia mtoto kioo cha kujiona, au dirisha la kuwaona wengine, na mtoto anahitaji vyote viwili. Orodha nilizokutajia zitawapa wanao madirisha mengi. Vioo vichache. Ndiyo maana sipendi mzazi anayesoma Kiswahili aishie kwenye orodha za Kiingereza, hata zikiwa nzuri namna gani.

Kwa Kiswahili, hasa kwa binti, kuna hifadhi mbili za mtandaoni za bure: African Storybook, iliyozinduliwa 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyofuata 2015. Zote zina hadithi za picha katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, zimepangwa kwa ngazi, na leseni yake inaruhusu kuchapa na kugawa. Nikuambie ukweli, ubora unapanda na kushuka. Kwa kuwa yeyote anaweza kutafsiri, utakutana na Kiswahili kilichonyooka na kingine kilichopinda. Soma kwanza wewe, chapa zile nzuri, ziweke pamoja na vitabu vyake vingine ili asidhani Kiswahili ni cha simu tu. Na kama anakutana na hadithi aliyoipenda ya Kiingereza, hakuna sheria inayokuzuia kumsimulia kwa Kiswahili huku mnatazama picha. Nafanya hivyo na watoto maktabani, na hawaulizi kitabu ni cha lugha gani.

Ukitaka vitabu vilivyotoka nje ya Kiingereza, fuatilia tuzo ya Batchelder, ambayo tangu 1968 humpa heshima mchapishaji wa Marekani aliyetoa tafsiri bora ya kitabu cha watoto. Carnegie nayo sasa inapokea tafsiri: mwaka 2023 ilikwenda kwa The Blue Book of Nebo ya Manon Steffan Ros, iliyoandikwa kwanza kwa Kiwelisi na kutafsiriwa na mwandishi mwenyewe, tafsiri ya kwanza kuipata katika historia yake. Hicho ni kifupi, kinahusu mama na mwanawe wanaopokezana daftari baada ya maafa. Kijana wako atakiweza akifika 14.

Kwa hiyo hatua ya mwezi huu ingekuwa hii: New Kid kwa mkubwa, bila kumuuliza maswali ya ufahamu akimaliza. Muulize tu ukurasa gani ulimchekesha. Akikiacha katikati, mruhusu, na uandike mahali aliposimama, maana ukikusanya vituo vitatu vya namna hiyo utajua kinachomchosha ni lugha, mwendo wa hadithi au mada. Kama hadithi za kubuni zote zinamshinda, jaribu washindi wa Sibert, tuzo ya vitabu vya maarifa iliyoanza 2001. Wavulana wengi wanaosemwa hawapendi kusoma wanataka kujua mambo ya kweli, na sisi tunawashikilia kwenye riwaya. Kwa binti, kimoja cha kusoma mwenyewe na kimoja cha kusomewa, visiwe kitabu kimoja.

Orodha mpya utazipata kwa msimu. Za Marekani, Newbery, Caldecott, Geisel, Printz na Sibert, hutangazwa pamoja siku moja mwishoni mwa Januari. Muda mfupi baadaye hutoka orodha ndefu ya vitabu mashuhuri vya watoto ya wakutubi haohao, ambayo washindi wa Newbery, Caldecott, Geisel na Sibert na waliotajwa kwa heshima huingia moja kwa moja. Hiyo ndiyo ya kupeleka maktabani na kuulizia, kwa sababu imegawanywa kwa umri. Carnegie hutangazwa Juni, lakini orodha fupi hutoka kabla, na kwa msomaji wako wa 13 orodha fupi ina faida kuliko mshindi: ina vitabu kadhaa vya aina tofauti, na unaweza kumwambia achague mwenyewe kwa kusoma ukurasa mmoja wa kila kimoja.